Taarifa Zikivuja, Mkaazi wa Kindu Abishe Mlango Upi?

*Kanuni ya Dijitali ya mwaka 2023 imewapa Wakongomani haki juu ya taarifa zao binafsi, lakini kwa mtu wa Maniema aliyeumizwa na uvujaji wa taarifa hizo, sheria ya mwaka 1888 bado ndiyo iliyo karibu zaidi.*

Mtu hawezi kusajili laini ya simu mjini Kindu, kufungua akaunti ya pesa za simu au kuanza kupokea mshahara kupitia benki bila kuacha nakala ya kitambulisho chake, na kwa wakaazi wengi wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli kitambulisho hicho ni kadi ya mpiga kura, kwa sababu kadi ya utambulisho wa taifa haijawafikia. Fotokopi hiyo hubeba jina, picha, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na tangu inapovuka meza ya wakala, mwenyewe hajui tena kama inakaa katika daftari la nani, katika simu ya nani au katika kompyuta ya kampuni gani.

Tatizo huanza siku taarifa hizo zinapotoka katika mikono iliyokabidhiwa. Tapeli mwenye jina kamili la mtu, tarehe yake ya kuzaliwa na namba yake ya simu anaweza kumshawishi mhudumu ahamishe namba hiyo kwenye kadi mpya, kisha akaomba namba nyingine ya siri ya akaunti ya pesa, akakomba akiba yote kabla mhanga hajatambua kwamba simu yake imepoteza mtandao.

Mhanga anayelalamika huambiwa mara nyingi kwamba alitoa namba yake ya siri mwenyewe. Jibu hilo huenda likawa la kweli katika baadhi ya kesi, lakini huzima swali linalotangulia, nalo ni la kujua tapeli alizipata wapi zile taarifa za kwanza zilizomfungulia njia.

Kisheria, uvujaji wa taarifa binafsi ni hali ambayo taarifa zinazomtambulisha mtu zinafikiwa, zinanakiliwa, zinapotezwa au zinatolewa kwa asiyeruhusiwa, iwe ni kwa shambulio la wadukuzi, kwa mfanyakazi aliyeuza orodha ya wateja, au kwa uzembe tu wa kuacha mafaili mahali pasipo ulinzi. Tofauti kati ya sababu hizi tatu ni kubwa, kwa kuwa ndiyo inayoamua nani atashtakiwa na kwa sheria ipi.

Haki mpya, ofisi ya mbali

Msingi wa juu kabisa ni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ambayo kifungu chake cha 31 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha pamoja na siri ya barua na mawasiliano yake, na kinaruhusu haki hiyo iguswe katika hali zilizotajwa na sheria peke yake. Juu ya msingi huo Rais Félix Tshisekedi alitia saini, tarehe 13 Machi 2023, Amri-Sheria namba 23/010 inayoweka Kanuni ya Dijitali. Amri-sheria ni hati yenye nguvu ya sheria ambayo Rais huitoa baada ya serikali kupewa idhini na Bunge.

Kanuni hiyo inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu aeleze anazikusanya kwa lengo gani, asizitumie nje ya lengo hilo, na azilinde. Mwenye taarifa naye anapewa haki ya kuziona, kuzisahihisha, kupinga matumizi yake na, katika mazingira fulani, kudai zifutwe. Kanuni inataja pia Mamlaka ya Kulinda Data ambayo kazi yake ni kupokea malalamiko, kukagua na kuadhibu.

Hata hivyo, mamlaka haiwi mamlaka kwa kutajwa katika gazeti rasmi la serikali. Inahitaji wakaguzi, bajeti na ofisi ambayo mtu anaweza kuiendea. Taasisi zenye uzoefu katika eneo hili ni mbili, na zote zina makao yake Kinshasa: ARPTC, inayosimamia posta na mawasiliano ya simu tangu iundwe kwa sheria ya mwaka 2002, na Benki Kuu ya Kongo, inayosimamia watoaji wa pesa za simu kwa Maagizo yake namba 24 ya mwaka 2011 na kwa sheria namba 18/019 ya mwaka 2018 juu ya mifumo ya malipo. Reli inayoanzia Kindu inaelekea kusini, upande wa Katanga. Anayekwenda Kinshasa hupanda ndege, na bei ya tiketi inaweza kuizidi mara kadhaa fedha aliyoibiwa.

Barua, kwa bahati nzuri, haihitaji kiti cha ndege. Malalamiko yaliyoandikwa, yenye tarehe na yenye mhuri wa mpokeaji, yana thamani hata pale ambapo taasisi iliyoandikiwa haijibu, kwa sababu mbele ya hakimu yanathibitisha siku ambayo kampuni ilijulishwa na jinsi ilivyonyamaza baada ya hapo.

Kifungu kilichozeeka bila kuchoka

Sheria ambayo wakili wa Kindu anaweza kuitumia leo bila kusubiri ofisi yoyote ifunguliwe ni Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba na wajibu, inayojulikana kama Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai. Ilitiwa saini wakati Maniema ilikuwa bado chini ya mkono wa Tippu Tip, aliyekuwa ameteuliwa mwaka uliotangulia kuwa gavana wa Maporomoko ya Stanley, kwa hiyo ni wazi kwamba walioitunga hawakuwa wakiwafikiria watu wa huku, wala simu.

Kifungu chake cha 258 kinasema kwamba kila tendo la mtu linalomletea mwingine hasara humlazimu yule aliyekosea kuifidia, na kifungu cha 259 kinaupanua wajibu huo ufike kwenye uzembe na kutochukua tahadhari. Mdai anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kosa, hasara, na uhusiano kati ya kosa na hasara, yaani kwamba hasara isingetokea kama si kosa lile.

Ugumu wote umo katika uthibitisho. Mama anayeuza samaki ng'ambo ya mto, Alunguli, atawezaje kuonyesha kwamba kompyuta iliyoko Kinshasa haikuwa na ulinzi wa kutosha, wakati kumbukumbu za kompyuta hiyo zimo mikononi mwa yuleyule anayemshtaki? Na kama jina lake na namba yake vimepita kwa wakala, kampuni ya simu, benki na shirika la misaada, nani atajua ni katika mkono upi vilivuja?

> Kumbukumbu zote zinazohitajika kwa ushahidi zimo mikononi mwa yuleyule anayeshtakiwa.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikutana na swali hili katika shauri lililotokana na udukuzi wa mwaka 2019 dhidi ya mamlaka ya kodi ya Bulgaria, ambao uliweka hadharani taarifa za watu zaidi ya milioni 6. Katika hukumu yake ya tarehe 14 Desemba 2023, mahakama hiyo ilisema kwamba kutokea kwa udukuzi peke yake hakuthibitishi uzembe, lakini mzigo wa kuonyesha kwamba ulinzi ulikuwa wa kutosha unamwangukia aliyekuwa akizihifadhi taarifa. Iliongeza kwamba hofu ya mtu kuwa taarifa zake zitatumiwa vibaya yaweza kuwa hasara inayostahili fidia, mradi mwenye hofu aonyeshe kwamba ina msingi.

Hukumu hiyo haimfungi hakimu wa Kindu. Lakini hakuna neno katika vifungu vya 258 na 259 linalomzuia kufuata hoja hiyohiyo, kwa sababu kumwachia mteja kazi ya kuthibitisha yaliyomo ndani ya kompyuta asiyoweza kuifikia ni sawa na kuifuta haki ambayo Katiba imempa.

Wakala ni mtu wa nani?

Shauri jingine litakalobishaniwa sana ni la wakala, ambaye mjini huitwa mtu wa kabini. Kifungu cha 260 cha Amri ya 1888 kinamwajibisha mwajiri kwa hasara iliyosababishwa na mtu wake katika kazi aliyompa. Kampuni hujibu kwamba wakala si mwajiriwa wake, ni mfanyabiashara anayejitegemea anayelipwa kamisheni, hivyo akiuza fotokopi za kadi za wateja, dhambi ni yake.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Kipimo cha kifungu hicho ni mamlaka ya kutoa maagizo, na wakala hutumia jina, rangi, fomu na taratibu za kampuni, tena ni kampuni inayoamua ni nakala gani zichukuliwe na ni lini akaunti yake ifungwe. Mteja aliyeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli wenye nembo ya kampuni hakuwa na sababu ya kudhani kwamba anaingia mkataba na mtu mwingine.

Mnyororo huo hauishii kwa wakala. Nchini Uganda, mwezi Oktoba 2020, wadukuzi waliingia katika mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni iliyokuwa ikiunganisha malipo kati ya benki na mitandao ya simu, na huduma za kuhamisha fedha zilizohusisha MTN, Airtel na benki ya Stanbic zikasimamishwa kwa muda, ingawa wateja wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina la kampuni hiyo ya kati.

Njia ya parketi

Kwa aliyeibiwa, njia iliyozoeleka zaidi ni ya jinai, yaani kupeleka mashtaka parketi, ambayo ni ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali. Kanuni ya Dijitali inaadhibu kuingia bila ruhusa katika mfumo wa kompyuta pamoja na matumizi haramu ya taarifa binafsi, na kifungu cha 73 cha Sheria ya Jinai ya mwaka 1940 kinamtishia kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita mtu ambaye kazi yake imemkabidhi siri za wengine kisha akazitoa.

Faida ya njia hii ni kwamba uchunguzi unafanywa na dola, ambayo inaweza kuilazimisha kampuni itoe kumbukumbu ambazo mteja hawezi kuzipata kwa kuomba. Mhanga anaweza pia kujiunga na kesi kama mdai wa fidia, ili hakimu anayemhukumu mhalifu aamue palepale malipo ya aliyeumizwa, na hivyo kuepuka kuendesha kesi mbili.

Kasoro yake ni kwamba mhalifu lazima apatikane, na mdukuzi aliyeko nchi nyingine hapatikani Kindu. Hata akipatikana, mara nyingi hana cha kulipa, wakati kampuni iliyomwachia mlango wazi inabaki nje ya kesi isipoitwa kwa uwajibikaji wake wa madai.

Upande wa kampuni

Kampuni, benki na taasisi nyingine zina utetezi usiopaswa kupuuzwa. Husema kwamba nazo ni wahanga wa uhalifu, kwamba hakuna mfumo usioweza kuvunjwa, na kwamba tangazo la haraka juu ya uvujaji ambao haujachunguzwa linaweza kuwafanya wateja wakimbilie kutoa fedha zao kwa siku moja.

Nchini Kongo upo pia uvujaji ambao umma uliupokea kama huduma. Mwezi Novemba 2021 vyombo vya habari na mashirika kadhaa, yakiongozwa na jukwaa la kuwalinda wafichua maovu barani Afrika, PPLAAF, na gazeti la Mediapart la Ufaransa, vilianza kuchapisha uchunguzi ulioitwa Congo Hold-up, uliojengwa juu ya nyaraka milioni 3.5 zilizovuja kutoka BGFIBank, uchunguzi ambao ulidai kwamba mamilioni ya dola ya fedha za umma yalipitishwa katika benki hiyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 2020, wafanyakazi wawili wa zamani wa Afriland First Bank, waliotoa nyaraka za benki hiyo, walihukumiwa kifo na mahakama mjini Kinshasa bila wao kuwepo.

Matukio hayo yanalazimu tofauti iwekwe wazi. Siri ya benki haikuwekwa ili kuficha wizi wa mali ya umma, na mtu anayefichua wizi huo hastahili kuwekwa kundi moja na karani anayeuza namba za simu za wateja. Adhabu ya kifo kwa waliotoa nyaraka, ikilinganishwa na miezi sita ya kifungo kwa anayetoa siri za mteja wa kawaida, inaonyesha sheria ilikuwa ikimlinda nani kwa nguvu zaidi.

Kenya: kifungu namba 31 pia

Kwa sadfa, kifungu cha faragha katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nacho ni cha 31. Ni juu yake ambapo mwaka 2019 mteja mmoja alifungua shauri Nairobi dhidi ya Safaricom, akidai kwamba taarifa za wateja wapatao milioni 11.5 waliocheza kamari ya michezo zilikuwa zimevuja. Wakati huo sheria maalumu ya ulinzi wa data ilikuwa haijatiwa saini, hatua iliyofikiwa tarehe 8 Novemba mwaka huohuo.

Sheria hiyo inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu atambue uvujaji wenye hatari, inaagiza malalamiko yamalizwe ndani ya siku 90, na inakiri kwamba fadhaa, hata isipoambatana na hasara ya fedha, ni jambo la kufidiwa. Kamishna Immaculate Kassait amekwisha kutoza faini: mwezi Septemba 2023 shule moja iliyoweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi ilitozwa shilingi 4,550,000. Ifahamike, hata hivyo, kwamba faini huenda kwa serikali. Anayetaka kulipwa yeye mwenyewe lazima adai fidia.

Wala kudai kwa wingi si dawa ya kila ugonjwa. Baada ya taarifa za watu wapatao milioni 147 kuibwa kwa Equifax ya Marekani mwaka 2017, mapatano ya mwaka 2019 yaliahidi dola 125 kwa waliochagua fedha taslimu, lakini fungu lililotengwa lilikuwa dola milioni 31, ambalo lingetosha watu 248,000 tu kwa kiwango kamili, na waombaji walikuwa wengi mno. Nchini Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 10 Novemba 2021, katika shauri la Lloyd dhidi ya Google, kwamba mtu mmoja hawezi kudai fidia kwa niaba ya mamilioni bila hasara ya kila mmoja kuonyeshwa.

Pale mahakama isipofika

Mashariki mwa Kongo hatari haiishii kwenye akiba ya simu, kwa kuwa orodha ya majina inaweza kumwonyesha mwenye silaha mahali alipokimbilia mtu. Mwezi Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wamefikia taarifa za watu zaidi ya 515,000 waliotenganishwa na familia zao kwa vita, uhamiaji au maafa, au waliokuwa kizuizini, taarifa zilizokusanywa na vyama vya taifa visivyopungua 60. Kamati hiyo ilitangaza habari hiyo yenyewe na kuanza kuwatafuta walioguswa, jambo la kupongezwa, lakini kwa kuwa inalindwa na kinga za kimataifa, njia ya kuishtaki katika mahakama za kawaida ni nyembamba sana. Mashirika mengi yanayoandikisha wakimbizi wa ndani yanapaswa kulieleza jambo hili kabla ya kuchukua alama ya kidole.

Bei ya haki, na saa inayokwenda

Anayeamua kushtaki Kindu hukutana na kanuni ya kawaida kwamba mdaiwa hufuatwa kwake, na makao ya kampuni nyingi yako Kinshasa, ingawa shauri linalotokana na mkataba laweza kupelekwa mahali wajibu ulipozaliwa au ulipopaswa kutekelezwa. Laini iliyosajiliwa Kindu na akaunti inayotumika Kindu ni hoja nzuri ya kulibakisha shauri nyumbani, na wakili asiache kuitaja tangu karatasi ya kwanza.

Hata mshindi ana malipo, kwa sababu ili apewe nakala ya hukumu yenye nguvu ya kutekelezwa hutakiwa kulipa ada inayopimwa kwa kiasi alichoshinda, utaratibu ambao umewakwamisha Wakongomani wengi wakiwa na hukumu mkononi. Asiye na uwezo anaweza kuomba hati ya umaskini impunguzie gharama za mahakama, na baraza la mawakili lina ofisi ya ushauri wa bure iliyowekwa na sheria ya mwaka 1979.

Kilichobaki ni muda. Madai ya kawaida ya kiraia hufa baada ya miaka 30, na hilo huwapumbaza watu wakadhani wana nafasi tele, lakini tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na kifungu cha 16 cha sheria yake ya jumla ya biashara kinaweka miaka 5 kwa wajibu uliozaliwa katika biashara kati ya mfanyabiashara na mteja asiye mfanyabiashara. Upande wa jinai, makosa yasiyozidi kifungo cha mwaka mmoja, likiwemo lile la kifungu cha 73, hayashtakiwi tena baada ya mwaka mmoja, na yale yanayozidi hapo lakini hayapiti miaka 5 hayashtakiwi tena baada ya miaka 3. Kwa hiyo aliyeibiwa ahifadhi ujumbe wa simu wa siku ile, risiti na namba ya kila muamala, aiandikie kampuni barua ya kudai na kubaki na nakala iliyosainiwa, kisha amwone wakili, kwa maana miaka hiyo haisimami kuisubiri Mamlaka ya Kulinda Data ifungue ofisi Maniema.